Mcheza Kwao Hutunzwa: Studio Zetu Zipewe Kazi na Haki

Kila jioni, dakika chache kabla ya taarifa ya habari, wananchi wengi hukaa mbele ya televisheni: wengine majumbani, wengine kwenye vibanda vya kahawa, wengine katika kumbi za kusubiria mabasi. Kabla msomaji wa habari hajafungua kinywa, nembo ya kituo hujitokeza. Vipande hukimbilia kati, hujikusanya, hung'aa, na mlio mfupi hupigwa. Yote hayo huchukua sekunde tano. Kisha hufuata filamu fupi ya benki, ya kampuni ya simu, au ya shirika la umma linalojitambulisha kwa wananchi.

Watazamaji huzijua nembo hizo kama wanavyozijua sauti za majirani zao. Lakini ni wachache wanaojiuliza nani aliyezitengeneza, alilipwa nini, na kama alikuwa Mtanzania. Leo tunapenda kuyauliza maswali hayo hadharani, kwa sababu majibu yake mara nyingi hayapendezi.

Kwanza hatuna budi kueleza kazi yenyewe, maana wako wanaodhani kwamba kuifanya nembo icheze au katuni itembee ni mchezo wa watoto. Televisheni yetu huonyesha picha 25 kwa kila sekunde. Nembo inayocheza kwa sekunde tano ina picha 125, na tangazo la katuni la nusu dakika lina picha 750. Kila picha haina budi kukubaliana na ile iliyoitangulia na ile itakayoifuata. Isipokuwa hivyo, jicho la mtazamaji litaiona kasoro hata kama mdomo wake hautaweza kuitaja. Kabla ya kufika hapo mteja husikilizwa, mswada huandikwa, matukio huchorwa moja baada ya jingine, sauti hurekodiwa na rangi huchaguliwa. Kompyuta huweza kukesha usiku kucha ikipika sekunde chache tu za picha, na umeme ukikatika saa tisa za usiku, sehemu kubwa ya kazi hiyo huanza upya.

Wanaoifanya kazi hii hapa nchini ni vijana kwa sehemu kubwa. Wamejikusanya watatu, wanne au watano katika vyumba vya kupanga, wakanunua kompyuta kwa kuchanga, na wengi wao wamejifunza ufundi kwa kujitafutia wenyewe. Hawakusubiri kuajiriwa. Wametii wito ambao viongozi wetu wameurudia kwa miaka mingi, wa kujiajiri na kuutumia ujuzi wao kwa manufaa ya taifa. Swali ni kama taifa nalo limewatimizia upande wake.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika fani hii, mcheza kwao mara nyingi haalikwi hata uwanjani.

Bado yako mashirika, yakiwamo yanayoendeshwa kwa fedha za wananchi, ambayo yakitaka nembo mpya au filamu ya kujitambulisha hutazama ng'ambo kwanza. Sababu inayotolewa ni ileile kila mara, kwamba wa hapa hawawezi. Hoja hiyo haina msingi. Mwaka 2014 watoto wetu walianza kutazama Ubongo Kids, katuni ya hesabu na sayansi iliyotengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili. Leo katuni za taasisi hiyo hutazamwa na watoto wa nchi nyingi za Afrika kwa lugha mbalimbali. Jirani zetu wa Kenya nao walionyesha uwezo wao pale studio ya Homeboyz ya Nairobi ilipotengeneza mfululizo wa Tinga Tinga Tales, wenye sehemu 52, ulioanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Ikiwa mikono ya Nairobi na Dar es Salaam huweza kuwafurahisha watoto wa London, itashindwaje kuihuisha nembo ya shirika la hapa hapa?

Tunapenda kuwakumbusha wahusika habari ya India. Nchi hiyo ilianzisha Taasisi ya Taifa ya Usanifu mjini Ahmedabad mwaka 1961. Televisheni ya taifa, Doordarshan, ilipohitaji nembo katika miaka ya 1970, kazi hiyo ilikabidhiwa taasisi hiyo. Ulichaguliwa mchoro wa mwanafunzi mmoja, Devashis Bhattacharyya, wa miviringo miwili inayolizunguka duara mfano wa jicho la binadamu. Michoro ikapigwa picha moja moja chini ya kamera hadi jicho likawa linazunguka na kujikunjua. Wimbo wake wakautunga Ravi Shankar na Ustad Ali Ahmed Hussain Khan. Nembo hiyo ilianza kuonekana mwaka 1976, na kizazi kizima cha Wahindi kimekua nayo. India ya wakati huo haikuwa nchi tajiri, wala haikuwa na mitambo mikubwa. Ilikuwa na chuo, mwanafunzi, kamera, wanamuziki, na uongozi uliokubali kuwaamini watu wake.

Sasa tuitazame Uingereza. Tarehe 2 Novemba 1982 ilizinduliwa Channel 4. Nembo yake, tarakimu nne iliyoundwa kwa vipande vya rangi vinavyoruka na kukutana, ilibuniwa na Martin Lambie-Nairn katika studio ndogo ya London. Hata hivyo, mitambo ya kompyuta ya kuvirusha vipande hivyo kwa kiwango kilichotakiwa ilikosekana Uingereza wakati huo, ikabidi sehemu hiyo ya kazi ifanyike Los Angeles, Marekani. Yako mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba hakuna taifa lililozaliwa na vifaa vyote, na kukodi kifaa cha jirani si aibu. La pili ndilo kubwa zaidi: wazo halikuagizwa kutoka nje. Waingereza walinunua Marekani nguvu ya mashine, lakini sura ya kituo chao waliitunga wenyewe.

Sisi tunapofanya kinyume, yaani tunapoagiza wazo ng'ambo na kumwachia kijana wetu kazi ya kubeba nyaya na kushika taa, tunapoteza kilicho cha thamani na kubaki na makapi.

Wengine watauliza kwa nini tuyakuze mambo ya sekunde tano. Tunajibu kwamba anayechora sura ya mtu ndiye anayeamua mtu huyo ataonekanaje. Nchi hii ina kumbukumbu ya jambo hilo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, wageni waliendesha mpango wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika wa Afrika Mashariki. Filamu 35 zilitengenezwa. Waafrika walishiriki kama wachezaji na wasaidizi, lakini walioamua Mwafrika aonyeshwe nini, na aonekane mwerevu au mjinga, walikuwa wageni wenyewe. Hatusemi kwamba kila mgeni anayechora leo ana nia mbaya. Tunasema kwamba asiyejua jinsi mama wa Kigoma anavyojifunga kanga, au jinsi mvuvi wa Mafia anavyovuta jarife, atatuchorea kanga na jarife za kubuni. Nasi tutamlipa kwa fedha za kigeni ili atuonyeshe sisi kwa sisi.

Ugonjwa wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa kuwa humpata hata yule aliyebahatika kupewa kazi hapa nyumbani. Huu ni ugonjwa wa dhuluma.

Mwenendo wenyewe unajulikana na kila aliyemo katika fani. Mteja huziita studio sita na kuziambia kila moja ilete sampuli, bure, ili apate kuchagua. Sita hukesha. Mmoja huchaguliwa, na pengine hachaguliwi yeyote; miezi michache baadaye wazo la mmoja wao huonekana hewani limefanywa na mkono mwingine. Aliyechaguliwa huanza kazi bila mkataba, kwa ahadi ya mdomo. Marekebisho huja mara tatu, mara saba, mara kumi na mbili, kila ofisa akitaka rangi aipendayo mkewe. Kazi ikikamilika, ankara hulala mezani siku 90, hata mwaka. Wakati huo kodi ya chumba haisubiri, leseni za programu hulipwa kwa dola, na kijana anayedai haki yake huambiwa ni msumbufu na kwamba hatapewa kazi tena.

Huku ni kumnyonya mfanyakazi, na kuvaa tai hakubadilishi jina la tendo hilo. Mtu hamwambii fundi seremala amtengenezee kwanza kitanda kimoja bure ili aone kama anaweza. Hutazama vitanda alivyokwisha kutengeneza, hupatana bei, hutoa arbuni, kazi ikaanza. Kwa nini iwe tofauti kwa anayechonga picha?

Liko pia suala la jina na haki ya mbunifu. Mwaka 2017 wananchi walishtushwa na habari za Mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyekutwa Buguruni, Dar es Salaam, akiwa katika dhiki na maradhi. Mzee huyo alisema kwamba ndiye aliyeichora Nembo ya Taifa. Wengine walishikilia kwamba mchoraji alikuwa mtu mwingine. Mwezi Mei mwaka huo huo mzee alifariki dunia, na ubishi ukabaki. Hatuandiki haya ili kuamua ubishi huo. Tunasema tu kwamba haukupaswa kuwapo. Nembo iliyo kwenye kila barua ya Serikali na kwenye ukuta wa kila ofisi ya umma ilistahili kuwa na karatasi moja, yenye jina moja au majina mawili, isiyoacha shaka. Ikiwa mchoro mkubwa kuliko yote nchini uliweza kuachwa katika giza hilo, tutarajie nini kwa kijana aliyechora nembo ya kiwanda cha sabuni?

Nje nako kuna mifano ya kujifunza. Mwaka 1971 mwanafunzi wa Marekani, Carolyn Davidson, alilipwa dola 35 kwa kuchora alama ambayo leo inajulikana dunia nzima, alama ya viatu vya Nike. Kampuni iliponawiri ilimkumbuka, na mwaka 1983 ikampa hisa zake. Hiyo ilikuwa hisani, na ilikuwa hisani nzuri. Lakini hisani hutegemea moyo wa mtoaji. Mwanamuziki David Dundas, aliyetunga sauti nne za nembo ya Channel 4, hakuhitaji hisani ya mtu; alilipwa haki yake kadiri sauti hizo zilivyopigwa hewani. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuombewa na kuandikiwa.

Tujiulize pia juu ya Tingatinga. Mtindo huo wa uchoraji ulizaliwa Dar es Salaam kwa mkono wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefariki dunia mwaka 1972. Ukapita mikononi mwa wanafunzi na jamaa zake, ukawa ushirika. Ulipofika wakati wa kuugeuza kuwa katuni, kampuni iliyobuni mradi ilikuwa ya London na studio iliyotengeneza ilikuwa ya Nairobi. Hatumlaumu aliyeona nafasi akaitumia. Tunajilaumu sisi tulioketi juu ya hazina miaka 40 tukiiuza kwa watalii kipande kimoja kimoja, bila kufikiri kwamba ndege na chui wale waliochorwa kwenye ubao wangeweza kutembea.

Siku hizi limezuka neno jipya midomoni mwa baadhi ya wateja: kwamba akili mnemba itafanya kazi yote, hivyo hakuna haja ya kumlipa mchoraji. Ni kweli kwamba mashine sasa huweza kutoa picha kwa dakika chache, na studio zetu hazina budi kujifunza kuzitumia. Lakini mashine hiyo imelishwa picha za dunia nzima, na zetu ni chache sana humo. Mteja anayetaka sura isiyofanana na ya mwingine hawezi kuipata kwa kukoroga sura za wote. Tena, anayekwepa kumlipa mchoraji wa Temeke humlipa ada mwenye mashine aliyeko ng'ambo.

Tukishasema hayo, tungekuwa wanafiki kama tusingewaambia ukweli vijana wenyewe. Ziko studio zinazopokea malipo ya awali kisha simu zikazimwa. Ziko zinazoahidi wiki mbili na kuchukua miezi miwili. Wako wanaochukua kiolezo kilichokwisha tengenezwa, kinachouzwa kwa dola chache kwenye mitandao, wakabadilisha jina na kumwuzia mteja kama kazi mpya, hata nembo za kampuni mbili zikacheza mchezo mmoja kama mapacha. Wako wanaolalamika kuibiwa mawazo huku kompyuta zao zimejaa programu za wizi. Anayedai haki ya jasho lake aheshimu kwanza jasho la mwenzake. Kila kazi mbovu inayotoka katika studio moja huwafungia mlango wengine kumi, na humpa yule anayependa vya nje hoja aliyokuwa akiitafuta.

Vijana hawa wanapaswa pia kuacha kushindana kwa kushusha bei. Mmoja akitaja milioni mbili, wa pili husema moja, wa tatu husema laki tatu, na mwishowe kazi hufanywa na asiyeiweza, kwa fedha isiyotosha. Waungane. Waanzishe chama chao, wakubaliane juu ya viwango vya chini vya malipo na mfano mmoja wa mkataba, na wakatae kwa pamoja kutengeneza sampuli za bure. Mmoja akikataa ataitwa mkaidi, lakini wote wakikataa huo ndio utakuwa utaratibu.

Kwa upande wa mashirika ya umma, tunapenda kusisitiza mambo manne. Kwanza, kazi za nembo, katuni na filamu za kujitambulisha zitangazwe wazi, na studio za nyumbani zipewe nafasi ya kwanza. Sheria ya ununuzi wa umma imekwisha kufungua njia kwa kutaka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengwe kwa ajili ya vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ofisa ununuzi anayeijua sheria hiyo wakati wa kununua karatasi na samani asiisahau wakati wa kununua picha.

Pili, anayetaka sampuli azilipie. Tatu, pasiwe na kazi bila mkataba unaotaja bei, idadi ya marekebisho, siku ya malipo, na nani atakuwa mmiliki wa kazi ikishakamilika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999; haina maana ikibaki kabatini. Nne, jina la studio na majina ya waliofanya kazi yaandikwe na kuhifadhiwa, ili miaka 50 ijayo asitokee mzee mwingine wa kulithibitishia taifa kwa mdomo kwamba mchoro ni wake.

Hatuoni sababu ya kudhani kwamba mteja wa umma hawezi kuzaa kazi njema. Posta ya Uingereza ilianzisha kitengo chake cha filamu mwaka 1933. Mwaka 1935 kilitoa filamu ya Len Lye, msanii kutoka New Zealand, aliyepaka rangi juu ya ukanda wa filamu bila kutumia kamera. Ujumbe wake ulikuwa bei za kutuma vifurushi. Mwaka 1936 kilitoa Night Mail, habari za treni ya barua, yenye mashairi ya W. H. Auden na muziki wa Benjamin Britten, ambao wote walikuwa bado vijana. Filamu hizo hufundishwa vyuoni hadi leo. Kama treni ya barua iliweza kuzaa kazi ya kudumu, sembuse reli yetu ya kisasa, bandari zetu na mabwawa yetu ya umeme.

Vyuo navyo vina wajibu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vimelea wasanii wa jukwaa na wa brashi kwa miaka mingi. Uhuishaji wa picha uwekwe miongoni mwa masomo yanayofundishwa kwa uzito, pamoja na vifaa vyake, na mashirika yapeleke kazi halisi kwa wanafunzi kama India ilivyofanya. Mwanafunzi aliyechora nembo ya taifa lake akiwa chuoni hahitaji kuhubiriwa uzalendo.

Zanzibar ilianzisha televisheni yake mwaka 1973, na Bara ikafuata mwaka 1994. Kwa miaka yote hiyo tumejifunza kutazama. Sasa tuna vijana wanaojua kutengeneza cha kutazamwa, na wengi wao wako usiku huu mbele ya kompyuta, wakiomba umeme usikatike. Hawaombi sadaka. Wanaomba kazi, mkataba, malipo kwa wakati na jina lao mahali pake. Shirika litakalozindua nembo mpya mwaka huu lianze kwa kubisha hodi kwenye mlango wa mmoja wao, na liende na arbuni mkononi.